Foleni

Waliniita Jumatano saa nne, ofisi ya maji, Kakamega,
siku moja baada ya radi.
Mvua ya alasiri huku haipigi hodi:
ilipita kwenye waya, ikaunguza ruta,
ikaiacha printa nzima, kimya pembeni,
taa yake ya kijani ikipepesa
kama mtu aliyesalimiwa kwa jina lisilo lake.

"Haichapi," akasema Bi Khavere wa ankara.
"Tumeizima, tumeiwasha. Tumeipiga kofi."
Kofi moja?
"Mawili. La pili ni la meneja."

Nikachuchumaa chini ya meza,
kwenye vumbi, maganda ya njugu
na kandambili moja ya mtu aliyehamishiwa Malava.
Waya upo. Wino upo. Karatasi zipo,
zimejikunja kidogo kwa unyevu.
Kompyuta zote tano zina neno moja: haionekani.
Haionekani, na iko hapa, naigusa, ina joto.

"Huenda ni dereva," nikasema.
Mzee Shiundu wa mlangoni akainua kichwa:
"Dereva si yuko Butere na gari tangu alfajiri?"
Hakuna aliyecheka. Nami sikumsahihisha,
maana hakukosea sana: yupo wa kuendesha,
njia ndiyo haijui.

Kwenye kompyuta ya Bi Khavere nikamwondoa wa zamani, nikaweka mpya.
Asilimia kumi. Asilimia kumi na moja.
Nje mstari ulishafika kwenye tangi:
mama mwenye ankara ya elfu kumi na mbili
kwa bomba lililokauka tangu Pasaka,
kijana wa kuosha pikipiki, mwalimu mmoja na mwavuli,
wote wakitaka karatasi,
maana bila karatasi hapa
hata ukweli huambiwa urudi kesho.

Asilimia mia. Nikatuma ukurasa wa majaribio.
Kimya.

Basi nikaigeukia printa yenyewe, nikaiuliza inakaa wapi
(kitufe cha tatu, ukishikilie hadi ilie).
Ikanitemea kikaratasi: hamsini na saba.
Kompyuta zinaitafuta ishirini.
Ruta mpya, ikigawa nyumba bila kuuliza nani alikaa wapi,
iliihamisha usiku,
na hawa watano wanabisha, wanabisha
kwenye mlango wa zamani,
wakirudi kusema hakuna mtu.

Shangazi yangu alihama Lurambi mwaka juzi.
Muuza maziwa bado huanzia kule;
anasema miguu ndiyo inayokumbuka.

Nikaandika hamsini na saba, kompyuta moja moja.
Nikaipigilia hapo isihame tena.
Nikabonyeza.

Ikakohoa. Ikavuta karatasi.
Halafu ikaanza kutoa kila kitu.
Nilikuwa nimesahau foleni.

Ankara za Amalemba, ankara za Shirere,
notisi ya kukata maji, ile ile mara saba,
kwa kuwa mtu alibonyeza kwa hasira;
upishi wa keki ya ndizi
(Bi Khavere akaudaka, hakumtazama mtu).
Kisha, kutoka kompyuta ya dirishani,
ambayo haijachapa tangu Februari
na hakuna aliyejishughulisha,
barua moja:
*Kwa Meneja. Mimi Ainea Lukorito, msoma mita,
naomba ruhusa ya siku nne. Mke wangu amelazwa.*

Februari.
Ainea alifutwa kazi Machi,
kwa kutoweka bila ruhusa.

Meneja alikuwa amesimama pale pale, kikombe mkononi.
Karatasi ilitoka na joto, kama zinavyotoka zote.
Akaisoma hadi chini. Akarudi juu.
"Lakini printa ilikuwa..." akaanza.
Hakuna aliyemsaidia kumaliza.

Bi Khavere akaita dirishani: "Wa kwanza!"
Nami nikajaza fomu yangu.
Tatizo: anwani.
Muda: saa moja na dakika kumi.
Hali: imetengenezwa.
Kalamu ikasita kwenye neno hilo,
nikaliacha lilivyo. Walitaka sahihi tu,
na printa ilishaanza kulia,
ikiomba karatasi zaidi.