Kushoto Nne, Usikate

Miaka kumi na saba nilikaa kuumeni kwake,
daftari mapajani, penseli nyuma ya sikio,
nikimsomea barabara asiyoiona bado:
"Mita themanini, kilima, nyoosha. Kulia tatu, inabana.
Kushoto nne, usikate, jiwe ndani."
Reijo hakujibu. Hakuwahi kujibu.
Aliniitikia kwa visigino.

Alijifunzia juu ya ziwa lililoganda
katika gari la baba yake la kubebea maziwa,
miaka kumi na mmoja, kakalia gunia ili aone mbele.
Barafu ilimfunza somo moja tu:
ukitaka kwenda kulia, anza na kushoto.
Ndivyo alivyoposa, ndivyo alivyodai mshahara,
ndivyo alivyoingia kila kona ya Ufini.

Watu walijipanga msituni tangu alfajiri,
theluji magotini, soseji mkononi,
wakingoja sekunde tatu za mngurumo
na kokoto za kuwapiga vifuani.
Hawakumwona akitapika nyuma ya lori la matairi
kila asubuhi ya mbio,
hata mwaka ule tulioshinda mara nne mfululizo.
Marketta, mkewe, aliniambia jikoni:
"Hulala akibadilisha gia. Goti langu ndilo gia."
Haraka haina baraka, husemwa;
ila haraka ndiyo iliyowajengea nyumba,
na sauna yenye dirisha la ziwani.

Kisha Novemba, hatua ya kumi na mbili, ukungu.
Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.
Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.
Nikasema "nyoosha"
mahali palipoandikwa, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
"kushoto mbili, korongo."

Alinyoosha.

Misonobari ilihesabu mbingirio wetu: sita.
Nakumbuka harufu ya petroli, na glavu yake moja
imening'inia kwenye tawi kama imeanikwa.
Mimi nilitoka na mchubuko wa kidevu.
Yeye waliukata mguu chini ya goti.
Wakuu wa mbio walipokuja wodini na fomu zao
aliandika, kwa herufi kubwa: KOSA LA DEREVA.
Kiwanda kikamletea barua ya mistari minne
na saa ya mkononi.
Kiti chake alipewa kijana wa miaka ishirini na mbili
mwenye meno mazuri.

Sikumwambia. Mwaka, miaka mitano, tisa.
Nilimpelekea samaki wa kukaushwa kila Krismasi,
nikaongea habari za hali ya hewa.

Siku hizi anaendesha gari la manispaa la kusukuma theluji,
mguu wa bandia kwenye breki, redio imezimwa.
Juzi, saa kumi usiku, alinipitia.
Nilikaa kuumeni kwake, mikono mitupu.
Taa zilimulika chembe zikianguka, na nyuma yake giza.
Tulikwenda kilomita ishirini kwa mwendo wa trekta
kabla hajafungua kinywa.

"Soma," akasema.

Nikasoma nilichokiona:
"Mita mia. Sanduku la barua la kina Kallunki.
Kulia tano, daraja, kuna utelezi.
Kushoto..." Nikakwama, koo limefunga.

Akapunguza gia, hakunitazama.
"Taratibu na kurasa, Ilpo," akasema,
"zinanatana kwenye baridi."
Kisha akashusha jembe, akaendelea.