Safu ya Tatu

Ndahani alishinda kesi mwaka wangu wa nne wa uwakili.
Lori la kokoto lilimsaga mguu pale Kizota,
kampuni ikakana lori, ikakana dereva, ikakana hata kokoto,
nami nikasimama siku kumi na moja mbele ya jaji
mpaka ikakosa la kukana.
Usiku ule tulikula kuku wa kuchoma. Nilijiona simba.

Baada ya miezi kumi na minne alirudi ofisini,
gongo kwapani, bahasha ileile mkononi,
akauliza kama anayeulizia basi la Kondoa:
"Wakili, hakuna kesi nyingine humo ndani?"

Pesa ilikwenda ilikokwenda.
Shemeji na pikipiki, binamu na duka la vocha,
harusi tatu, ng'ombe wawili waliokufa na kiangazi,
na mtu mmoja wa Nkuhungu aliyeahidi kuizalisha.
Sikumcheka.
Nilimkabidhi hundi, nikasema hongera, nikafunga jalada.
Na sisi wa Dodoma tunajua:
mvua ya mwaka mzima ikishuka siku moja
si mvua tena, ni korongo.

Ndipo nikaanza masomo ya jioni,
wakili mzima, kitambi kinachomoza,
dawati moja na vijana wa benki,
riba juu ya riba, bima, hati fungani,
na ile sentensi iliyonikwama kama mwiba wa perege:
shilingi ya kesho ni nyembamba kuliko ya leo.

Mwaka huu, Madeje wa Hombolo.
Dawa bandia ya ukungu ilimchomea mizabibu mia nne.
Wakili mwenzangu, tai nyekundu, akasema:
"Mheshimiwa, amepoteza msimu mmoja. Alipwe msimu mmoja."
Nikasimama. Nikasema mzabibu si mtama.
Ukifa leo, mche utakaoupanda kesho
hautakupa tenga la maana kabla ya mwaka wa tatu,
na shamba hili lilivunwa mara mbili kwa mwaka.
Nikahesabu kwa sauti, msimu kwa msimu,
nikipunguza kila mmoja kadiri ulivyo mbali,
feni ikikatakata joto la Oktoba.
Jaji akaomba nirudie mwaka wa pili. Nikarudia.
Tai nyekundu haikuwa na swali.

Siku ya hukumu sikununua kuku.
Nilimketisha Madeje, nikafungua daftari la mirabamiraba,
nikachora safu: inayoingia, inayotoka,
na ya tatu, isiyo na kichwa.
Miche na nguzo. Ada ya Nyemo hadi kidato cha sita.
Dhamana ya serikali, imlipe kila nusu mwaka,
kiangazi kimkute na kitu.
Alisikiliza, kucha bado zina madoa ya dawa,
kisha akaweka kidole kwenye safu tupu:
"Hapa andika redio."
Nikaanza habari za mfumuko wa bei.
"Redio kubwa," akasema, "ya spika mbili.
Miaka mitatu nitapalilia miti isiyozaa.
Unataka nipalilie kimya?"

Hilo halikuwamo kwenye mtihani wowote.
Nikaandika: redio, spika mbili. Na betri.

Ndahani huuza karanga mlangoni pa mahakama.
Jalada lake sijalipeleka stoo.
Kila Ijumaa nanunua pakiti mbili,
chenji haleti,
na mimi, wakili wa madai,
sidai.