Nusu ya Paa

Zamu ya usiku, Asahikawa. Theluji ya tangu Jumatatu
imepanda dirishani hadi katikati.
Kitanda cha sita: mzee Kudo Tomizo,
aliyepanda kukomba theluji juu ya paa
akashuka pamoja nayo.

Wamemtoboa kitundu, kama cha msumari wa kalenda,
nyuma kidogo ya mstari wa nywele,
wakapitisha uzi mwembamba unaosikiliza.
Mawazo hausikii. Husikia msongo tu,
na kunisomea kwa tarakimu za kijani.

Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na nne.

Fuvu ni chumba kisicho na ua:
ubongo, damu, maji, wapangaji watatu
waliopimiana nafasi kwa ukucha.
Mmoja akivimba, wenzake hawana pa kuhamia
ila mlango mmoja, chini, shingoni,
na apitaye mlango huo harudi.

Saa nne Yasue, mkewe, aliniuliza,
"Namba ikipanda ndiyo anapona?"
Nikamwambia, mama, huu ni mtihani
wa kufaulu kwa alama ndogo.
Akacheka, akaziba mdomo kwa glavu.
"Miaka arobaini na saba namwambia ana kichwa kigumu.
Kumbe."

Saa nane na dakika kumi: kumi na tisa.
Na robo: ishirini na mbili.
King'ora. Nampigia daktari Hironaka,
sauti yake bado ina mto:
"Kabla ya dawa, mtazame yeye."
Namulika mboni. Kushoto, inasinyaa. Kulia, inasinyaa,
polepole, lakini inasinyaa.
Kisha naiona shingo. Imelala upande,
kama ya mtu aliyekubali jambo bila kupenda,
na mshipa umebanwa, damu imekosa njia ya kushuka.
Nainyoosha kwa viganja viwili.
Nalegeza kola. Nasubiri.

Ishirini na mbili.
Ishirini na mbili.
Ishirini.
Kumi na saba.

Kama ataamka, namba haijui. Wala mimi.

Yasue hakulala, yuko kwenye benchi la korido.
Ananieleza, bila kuulizwa, kwamba paa lilikuwa linalia,
mbao zinagugumia usiku kucha kwa uzito,
ndiyo maana akapanda.
Jirani amekuja na koleo lake jioni.
Amekomba nusu.
"Nusu bado," anasema, akiitazama theluji
inayoendelea kuanguka.