Wanga

Daktari wa Wete kamwambia shangazi Mize:
"Bi mkubwa, punguza wanga."
Kacheka, buibui likamtoka begani.
"Wanga? Pemba hii, tumezaliwa nao.
Huyo wangu anakuja saa ngapi?"

"Mchana kweupe. Kwenye boflo, kwenye chapati,
na hapigi hodi."

Basi leo nimetwanga korosho kinuni,
taratibu, zisije zikatoa mafuta;
yai, chumvi, samli kijiko.
Donge halisukumiki, halina ngano ya kulishikanisha.
Nimelibandika sufuriani kwa vidole,
likapasuka, nikaliziba,
nikatia jodari na kitunguu,
makaa chini, makaa juu.

Shangazi kanusa. "Kina nini hiki?"
"Protini. Mafuta. Nyuzinyuzi.
Wanga kidogo."
"Kumbe wamo!"
"Wamo, shangazi, ila wachache.
Korosho nazo hazikosi wao,
na mafuta yake mengi, kwa hiyo
kipande kimoja tu."

Kimoja kala.
Cha pili kakitazama kitambo,
kakisomea kul-audhu,
kakila nacho.