Makadirio: Mmoja

Alhamisi, saa kumi na nusu, Ghala.
Kiyoyozi kinakohoa juu ya kichwa changu
na chini uwanjani magari ya maji, yale ya buluu,
yamewasha injini, yanangoja orodha.
Orodha haitoki.
Juzi ilitoka kabla sijameza funda la chai.
Leo dakika arubaini, na kiduara bado kinazunguka.

Bwana Yakdhani amepiga simu mara tatu.
Mara ya tatu hakusalimu.
"Mashine ndogo hiyo," kasema, "nunueni kubwa."
Sreejith, jirani yangu wa meza, akanitazama tu.
Punda aliyepotea njia
hafiki upesi kwa kuvishwa tandiko jipya.

Basi nikauambia mtambo: jibu kaa nalo,
nionyeshe njia uliyopita kulitafuta.

Humo ndani mna mpangaji.
Si mpangaji wa chumba, wa kudaiwa kodi;
ni mpangaji wa safari. Swali halijainua mguu
yeye keshakaa, keshakuna kichwa, akadiria:
huku watatoka wangapi, kule wangapi,
nibishe mlango upi kwanza.
Nyumba zenyewe hazioni. Ana kijikaratasi tu,
muhtasari alioandikiwa.

Nikausoma mpango wake toka ndani kuja nje.
Mstari wa tisa ukanisimamisha:

    makadirio: 1
    halisi: 4,816

Mmoja!
Mgeni mmoja humtelekei sufuria;
unakwenda stoo, unamchukulia kikombe, basi.
Ndivyo alivyofanya. Kwa kila nyumba
akaenda stoo, akapekua madaftari ya mwaka mzima,
akafunga, akarudi, akaenda tena,
mara elfu nne mia nane na kumi na sita.
Si mvivu, maskini.
Ni mtiifu wa hesabu mbovu.

"Takwimu zake zimechakaa?" Sreejith kauliza.
Nikazikusanya upya pale pale.
Bado: mmoja.

Tukarudi kwenye swali lenyewe.
Nyumba za Hamra. Zinazojaziwa kituo cha bondeni.
Na sharti tuliloongeza jana mchana, dogo, halina makuu:
zenye mkataba wa mlimani.
Mpangaji kachukua Hamra, sehemu moja ya themanini;
kituo, moja ya sabini; mkataba, moja ya sitini;
akazidisha, akazidisha,
kana kwamba watatu hao hawajuani,
kana kwamba mtu wa Hamra angeshuka hadi pwani kujaza tangi.
Kila sehemu kweli. Zao lake uongo.

Nami ndivyo ninavyokadiriwa.
Karani wa benki, Matrah, alinisikia simuni na mama,
akatazama kitambulisho, akanitazama tena.
Mwomani, sawa. Kiswahili, sawa. Vyote kwa mtu mmoja?
Akazidisha kichwani, akanipata nadra
kama barafu barabarani mwezi wa Agosti.
Aje kwetu Al-Khudh Ijumaa baada ya sala,
ahesabu viatu mlangoni kwa shangazi Ghanima,
ahesabu wanaogombea ukoko kwa lugha hiyo hiyo,
kisha ajaze fomu yake.

Nikamwandikia mpangaji mstari mmoja:
hizi safu tatu ni ndugu, usizihesabu mbalimbali.
Nikamwachia azisome upya.
Nikalirudisha swali.

Sikuwahi hata kuondoa kidole.
Orodha ikamwagika, printa ikaanza kutafuna karatasi,
na Sreejith akashuka ngazi mbili mbili
kuwapa madereva, waliokuwa wamelala usukani.

Nikabaki na mpango mpya usoni.
Makadirio: 4,790. Halisi: 4,816.
Kadirio si kadari; hapo namsamehe.
Lakini nikakaa nikiwafikiria wale ishirini na sita
asiowajua hata sasa,
matangi yao makavu juu ya mapaa,
na mtu mmoja huko amepanda ngazi,
anagonga bati kwa kifundo cha kidole, anasikiliza.

Simu ikalia. "Mmenunua?" kauliza Yakdhani.