Wimbo wa Saba

Sidii arubaini na tatu ndani ya mkebe wa biskuti,
zimetoka Guraya, kwa ami Twahiri,
aliyefunga duka mwaka ule simu zilipojifunza kuimba.
Majina kayaandika kwa wino mzito:
"Arusi Bondeni, usiku wa pili."
"Mishi na wenziwe. USIUZE."
Moja haina neno, ila alama ya kikombe cha kahawa,
duara juu ya duara.

Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu,
kompyuta ya mtumba yanichoma mapaja.
Sina programu ya vitufe na picha.
Nina kioo cheusi, na kijistari cheupe
kinachopepesa, kama mtu aliyeuliza "ehe?"
na sasa angoja.

Nakiandikia amri: neno, nafasi, kistari, herufi.
Nikikosea nukta moja chanirudishia maneno yangu,
hakina hasira, hakina adabu pia.
Nikipatia hakinipongezi. Chaanza kazi.

Diski yazunguka, yaguna.
Asilimia nne. Tisa. Kumi na moja.
Kisha, kwa uso mkavu wa karani wa kaunti:
Msanii: hajulikani.
Wimbo wa 1. Wimbo wa 2. Wimbo wa 3.

Hajulikani!
Mishi binti Kombo, akikohoa Mwembe Kuku
watu wa Kuze huuliza arusi ni ya nani?
Aliyewarudisha wanawake watatu kwao kubadili leso
kwa ubeti mmoja, bila kutaja jina la mtu?

Yuko nyuma yangu, huyo asiyejulikana,
miaka themanini na moja, achambua mchicha.
"Kinasemaje?"
"Kinataka majina, shangazi."
"Basi kipe. Nani huingia arusini asiulizwe ni wa nani?"

Naandika. Tari: Mwanasiti.
Anayechelewa kuitikia ni Riziki,
"daima alichelewa, hata kufa,
tulimngoja Ramadhani nzima."
Vigelegele:
hapa akatafuta jani bovu, akalitafuta sana,
Barke.

Iko njia ya kubana faili liwe dogo:
huondoa sauti ambazo, wasema, sikio halitazikosa.
"Sikio la nani?" akauliza.
Nikachagua njia isiyotupa kitu.

Kwenye wimbo wa saba kikakwama.
Chasoma, charudi, chasoma palepale,
kama mtoto wa chuoni na aya iliyomshinda.
Nikaitoa, nikaifuta kwa ncha ya leso,
kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha.
Nikaipaka dawa ya meno.
Mkwaruzo ulikuwa mmoja, mrefu, umenyooka mno.

"Ni wapi hapo?"
"Dakika ya tatu na ushei."
Akaweka sinia chini.
"Hapo nilimsema Barke. Nilisema mnazi wake
hauna ila kivuli. Mbele ya ukumbi mzima,
naye alikuwa amezika wa tatu mwezi uliopita.
Mimi sikujua. Haki ya Mungu sikujua.
Mkwaruzo ni wangu, kwa pini ya ushungi.
Kiambie kiparuke."

Sikukiambia.
Akalala. Usiku kucha kimerudi palepale,
mara mia, mara mia mbili,
kikiokota chembe kwa chembe bila kujua ni za nini.
Adhana ya kwanza yaanza, chaandika: tayari.

Najua amri ya kufuta. Ni herufi mbili,
na haiulizi mara ya pili.

Nimevaa vipaza vya masikioni.
Ubeti huo. Sauti ya shangazi, kijana, kali, nzuri mno.
Tari zanyamaza. Kiti chasogezwa.
Pumzi moja, mbili,
halafu kigelegele, cha mtu mmoja,
kirefu, kinapanda, hakitetemeki,
na nyuma yake, amechelewa,
Riziki.

Ndani, kitanda chalia. Ameamka, atafuta kandambili.
Kijistari chapepesa.
Ehe?