Herufi Tano

Alianza nalo kiwandani, Peterhead,
zamu ya alfajiri, glavu juu ya glavu,
minofu ya hadoki ikimpita kwenye mkanda
kama barua za watu wengine.
Saa za kutoka, msimamizi akachungulia:
Dainora, still upo?
Akadhani anafukuzwa. Akavua aproni.
Wenzake walicheka mpaka mkanda ukasimamishwa.

Usiku akaliandika kwenye daftari la jikoni:
still, maana yake bado.
Herufi tano. L mbili za mwisho
zimesimama wima kama mtu na mumewe
kwenye kituo cha basi lisilokuja.

Kestas naye akaleta lake kutoka kazini,
huko anakosugua mitambo ya wiski,
mapipa ya shaba yenye shingo ya bata bukini.
Hili nalo ni still, alisema,
leo nimeingia ndani yake na brashi, nimezama hadi mabegani.
Mtu anaingiaje ndani ya bado?
aliuliza mkewe, akicheka, akiandika.

Mpiga picha za pasipoti: still, tafadhali.
Hakutikisa hata kope.
Mhudumu wa hoteli: maji yenye mapovu, au still?
Akafikiri, kumbe yapo maji
ambayo bado hayajaamua kuwa maji.
Jumanne, darasa la maktaba, Bwana Farquhar
mwenye chaki kwenye nyusi:
likifuatwa na mkato, ni hata hivyo.
Mvua inanyesha; still, tutakwenda.
Na kweli walikwenda, wakalowa.

Mimi ninayesimulia, lugha yangu
nayo haina haki ya kumcheka mtu.
Bado yupo. Bado hajaja.
Umekula? Bado.
Neno moja linashika kilichobaki
na kisichofika, kwa mkono ule ule,
na mtoto wa miaka miwili halimpotezi.

Wiki ya thelathini na sita, Aberdeen.
Jeli baridi tumboni, skrini imegeuzwa kidogo.
Mkunga Ishbel amefundishwa kusema wazi,
lakini siku ile ulimi wake
ulitafuta mto wa kulalia.
Moyo wake, Dainora, alisema,
moyo wake ni still.

Akanyamaza.

Dainora akasubiri sentensi imalizike.
Bado nini? Bado unapiga?
Bado mdogo? Bado umejificha, kama mwezi uliopita,
nyuma ya goti?
Akamtazama Ishbel kwa upole,
akatikisa kichwa kumtia moyo,
jinsi unavyomsubiri mtoto
aliyekwama katikati ya mstari.
Kestas ndiye aliyeanza kuangalia sakafu.

Cheti kilikuja kwa posta, pamoja na bili ya gesi.
Neno lile lile, sasa limegandishwa
na neno la kuzaliwa,
bila nafasi katikati,
hata ya kupitisha ukucha.
Jina: Ugnė. Uzito umeandikwa,
kilo mbili na gramu mia sita,
kana kwamba kuna mtu atadai.

Daftari alilitia kwenye droo ya taulo.
Maana hiyo hakuiandika.

Februari alirudi darasani.
Hakuna aliyemuuliza kitu; walimsogezea biskuti.
Zoezi la siku: tungeni sentensi,
maneno yako ubaoni, chagueni moja.
Yalikuwa kumi na mawili. Lile lilikuwa la nane,
Farquhar hakukumbuka kulifuta.

Aliandika polepole, akiinamia karatasi:
Mimi ni mama still.

Mwalimu akaja na kalamu nyekundu.
Neno limekaa mahali pasipo pake,
lirudi nyuma ya mama, ndiyo sheria;
likiachwa mwishoni
msomaji hatajua kama mama huyu angali mama
au ni mama aliyetulia tuli.
Alifungua kinywa aeleze.

L mbili zilikuwa pale, mwisho wa mstari,
kabla tu ya nukta.

Akafunika kalamu.
Akauliza kama dirisha lifungwe,
maana kulikuwa na baridi.